Mfumo Endeshi wa Seva ya Nyumbani: Nilizunguka Kote Nikarudi Debian

Najua nimeadimika, na naomba radhi. Nilikuwa najenga seva ya kuhifadhi faili za nyumbani kwetu Voi, na kazi niliyodhani ingenichukua wikendi moja imekula wiki saba. Kuifunga mashine yenyewe kulichukua saa mbili tu. Muda mwingine wote uliishia kwenye swali moja: niiwekee mfumo endeshi gani?

Wengi mtasema hilo si swali la kumkosesha mtu usingizi. Hata mimi nilidhani hivyo. Basi ngoja nianze mwanzo, mwone kwa nini lilinikosesha.

Novemba 2025 dada yangu mdogo alinipigia simu kutoka Voi. "Kaka, kuna picha za baba zimegeuka kijivu."

"Zimegeuka kijivu vipi?"

"Nusu ya juu iko sawa. Chini ni kijivu tu. Na ile sauti ya nyanya inakoroma halafu inaendelea."

Hapo nikaacha nilichokuwa nikifanya.

Baba alikuwa mwalimu. Mwaka 2006 alinunua kamera ya dijitali, na tangu siku hiyo hakuna harusi, mazishi wala sherehe ya shule iliyompita. Baadaye alipopata simu ya kurekodi sauti akaanza kumrekodi mama yake, yaani nyanya yetu, kule milimani upande wa Wundanyi. Alikuwa akiketi naye jikoni jioni, anaweka simu juu ya kigoda, na nyanya anazungumza Kidawida: hadithi, majina ya mababu, nani alihamia wapi na kwa sababu gani. Ni rekodi 23. Nyanya alifariki 2019, baba akafuata 2022. Mimi Kidawida nakisikia lakini kuzungumza ni kwa kubahatisha, na dada yangu ni hivyo hivyo. Kwa hiyo rekodi zile si kumbukumbu tu. Ndiyo maktaba pekee tuliyo nayo.

Vitu hivyo vyote, takriban gigabaiti 412, vilikuwa kwenye kompyuta moja ya zamani sebuleni, inayotumia Windows 10, yenye diski moja. Mimi nilikuwa nimejiona mjanja kwa sababu nilinunua diski ya nje na kila nilipoenda nyumbani nilinakili kila kitu humo. Nilipofika Voi nikaifungua ile diski ya nje kwa furaha ya mtu aliyejiandaa. Picha zilikuwa kijivu humo pia. Nilikuwa nimenakili uharibifu kwa uaminifu mkubwa, mara nne.

Shimo la baiti 4,096

Niliifungua rekodi namba 17 kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Katikati ya faili kulikuwa na sifuri tupu, 4,096 kwa hesabu kamili, halafu sauti inaendelea kama kawaida. Urefu wa faili ulikuwa sahihi. Jina sahihi. Ukiitazama kwenye folda huoni kasoro yoyote. Picha zilikuwa na mashimo ya aina hiyo hiyo, na picha ya JPEG ikikutana na shimo la namna hiyo, sehemu inayofuata mara nyingi hugeuka kijivu.

Tarehe ya faili hizo ndiyo iliyonipa jibu: Agosti 25, 2023. Wakenya wengi mnaikumbuka Ijumaa hiyo usiku, stima ilipopotea karibu nchi nzima. Dada yangu alikuwa akihamisha faili kutoka laptopu ya baba kwenda kwenye kompyuta ya sebuleni. Stima ilipopotea kompyuta ilikuwa tayari imeandika kwenye daftari lake kwamba faili fulani ipo na urefu wake ni kadha, lakini yaliyomo yalikuwa bado yako kwenye kumbukumbu ya muda, hayajafika kwenye diski. Kumbukumbu ya muda haina maisha bila umeme. Stima iliporudi, faili ilikuwa na urefu wake wote na shimo ndani. Dada akaona majina yote yapo, akaifuta laptopu na kumpa binamu yetu aliyekuwa anaenda chuo. Simlaumu hata kidogo. Mimi mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta nilizitazama faili hizo miaka miwili nisijue.

Sasa hesabu. Rekodi zile ziko katika muundo wa AMR, ule wa simu za zamani, unaotumia takriban baiti 1,600 kwa sekunde. Baiti 4,096 ni kama sekunde mbili na nusu. Ni muda mdogo sana. Lakini katika rekodi namba 17 nyanya alikuwa akihesabu majina ya mababu, mmoja baada ya mwingine, na sekunde mbili na nusu zinatosha kabisa kumfuta babu mmoja.

Ndipo nikaamua: kompyuta ya sebuleni inastaafu. Na isitoshe, Microsoft ilikuwa imekomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mabadiliko yalikuwa lazima.

Mashine

Sitawachosha na vipuri. Nilinunua kompyuta ya ofisini iliyotumika, Luthuli Avenue, kwa Sh16,500: Intel i5 ya kizazi cha sita, kumbukumbu ya gigabaiti 8 ambayo niliiongeza ikawa 16. Diski mbili mpya za terabaiti 4 kila moja, na SSD ndogo ya kubeba mfumo endeshi. UPS ndogo ya kuipa dakika chache stima ikipotea. Nilipopima, mashine ikiwa imetulia inakula wati 28 hivi, yaani kama uniti 20 za stima kwa mwezi. Mama alikubali uniti 20. Zaidi ya hapo, alisema, ningeileta na tokeni zake.

Maswali niliyoiuliza kila mifumo niliyojaribu yalikuwa matatu:

1. Faili ikiharibika ndani kwa ndani, mfumo utajua? Na ukijua, utasema?
2. Stima ikipotea ghafla katikati ya kuandika, itakuwaje?
3. Mimi nikiwa Nairobi na mashine iko Voi, kilomita zaidi ya 300, nani ataitengeneza?

Swali la tatu nililiweka mwisho kwa sababu nililiona dogo. Kumbukeni hilo.

Waliosimama kwenye foleni

Nilianza na Windows kwa sababu nyumbani wameizoea. Kichakato cha kizazi cha sita hakimo kwenye orodha ya Windows 11. Zipo njia za kuzunguka sharti hilo, lakini sikutaka kujenga nyumba juu ya njia ya kuzunguka. Kubwa zaidi, NTFS, mfumo wa faili ambao Windows hutumia kwa kawaida, hauhakiki yaliyomo ndani ya faili. Swali la kwanza limefeli.

Kuna kisa hapa ambacho watu wamekisahau. Mwaka 2007 Microsoft ilitoa Windows Home Server, mfumo uliotengenezwa mahsusi kwa familia kuhifadhi picha na muziki. Ilikuwa rahisi na ya kupendeza. Kisha ikagundulika kwamba mashine yenye diski zaidi ya moja ingeweza, katika hali fulani, kuharibu faili zilizohaririwa moja kwa moja kwenye seva. Marekebisho yalitoka Julai 2008. Sisemi haya kuwacheka. Nasema kwamba hata mfumo uliozaliwa kwa kazi hii tu unaweza kula faili huku ukitabasamu, kama haujapewa njia ya kujikagua.

Wa pili ni TrueNAS. Huyu ana historia ndefu. Alianza 2005 kwa jina FreeNAS, kazi ya Mfaransa Olivier Cochard-Labbé, juu ya msingi wa FreeBSD. Mwaka 2020 akabadilishwa jina, na 2022 likatoka toleo lililojengwa juu ya Debian, ambalo ndilo linaloendelezwa sasa. Unaiendesha yote kupitia kivinjari: rangi ya kijani ni salama, nyekundu ni shida. Ni nzuri kweli. Tatizo langu ni kwamba imefungwa kama kifaa. Haitaki uongeze programu zako kwenye mfumo wenyewe, na mimi nilikuwa na programu yangu ndogo niliyotaka iishi humo.

Wa tatu ni OpenMediaVault, nayo ya kivinjari na juu ya Debian, ambayo Volker Theile aliianzisha baada ya kutofautiana na mwelekeo wa FreeNAS. Nyepesi, inafaa mashine ndogo.

Wa nne ni FreeBSD yenyewe, mtupu, bila mapambo. Nitakiri hapa mbele yenu: huyu ndiye niliyemtaka tangu mwanzo. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu niweze kusema naendesha FreeBSD nyumbani.

Wa tano ni Debian, ninayoitumia kazini kila siku. Na kwa kuwa naitumia kila siku, niliiona kama ugali wa jana.

Jaribio la kuharibu kwa makusudi

Kabla ya kuchagua mfumo endeshi nilitaka kuhakikisha jambo moja kwa macho yangu. Nilichukua diski mbili kuukuu za gigabaiti 500, nikazifanya pacha, kila kitu kikiandikwa kwenye zote mbili. Nikazijaza picha, na kwa kila picha nikatunza alama ya SHA-256. Alama hiyo ni namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Baiti moja ikibadilika, namba nzima inabadilika.

Mara ya kwanza nilitumia mdadm na ext4, ile njia ya kawaida ya Linux. Nikazima kila kitu, kisha kwa amri ya dd nikamwaga takataka za megabaiti 200 katikati ya diski moja, penye picha. Nikawasha. Hakuna ujumbe wowote. Nikazisoma picha zote nikilinganisha alama: 31 hazikulingana. Mfumo ulinipa picha mbovu kwa adabu zote, ilhali nakala nzima ilikuwepo kwenye diski ya pili, sentimita chache tu pembeni. Nilipoagiza mdadm ikague, ikasema zipo tofauti kati ya diski hizi mbili. Ipi iliyo sahihi? Haina njia ya kujua.

Mara ya pili nilitumia ZFS. Diski zile zile, uharibifu ule ule. Nikazisoma picha zote: hakuna hata moja iliyokosea. Nikaandika zpool status, na hapo ikaniambia diski ipi ilikuwa inatoa uongo na mara ngapi. Ilikuwa imesoma, ikalinganisha na alama iliyoitunza yenyewe kwa kila kipande cha data, ikaona haiwiani, ikaenda kwa pacha, ikachukua kilicho kizima, ikanipa, na ikarekebisha kile kibovu. Nilikaa nikaitazama ile skrini kwa muda.

Kuhusu stima, ZFS haiandiki juu ya kitu kilichopo. Huandika kipya pembeni kwanza, na kikishakamilika ndipo inabadilisha kielekezi. Stima ikipotea katikati, utapoteza sekunde chache za mwisho, kwa kawaida zisizozidi tano hivi, lakini kile ambacho hakijafika kwenye diski hakitaonekana kana kwamba kimefika. Agosti 2023 dada yangu angekuta faili kadhaa hazipo au ni fupi kuliko zilivyotakiwa, angeguna, angezinakili tena. Faili iliyokosekana mtu huitafuta. Faili yenye jina lake na urefu wake wote nani ataishuku?

Kwa hiyo maswali mawili ya kwanza yalijibiwa na mfumo wa faili. Mfumo endeshi ulikuwa haujaguswa bado.

ZFS inaishi wapi

ZFS ilizaliwa Sun Microsystems, ikatolewa kama programu huria 2005 ndani ya OpenSolaris. FreeBSD ikaipokea mapema, ikawa sehemu ya toleo la 7.0 la mwaka 2008. Oracle iliinunua Sun mwaka 2010, OpenSolaris ikafa, na watengenezaji waliobaki nje wakaungana 2013 chini ya jina OpenZFS. Mwaka 2020, OpenZFS 2.0 iliunganisha msimbo wa Linux na wa FreeBSD ukawa mmoja.

Upande wa Linux kuna mwiba mmoja. Leseni ya ZFS na leseni ya kiini cha Linux zinachukuliwa kuwa haziwezi kuchanganywa, kwa hiyo ZFS haimo ndani ya kiini. Kwenye Debian unaisakinisha pembeni, na kila kiini kinapobadilika inajengwa upya hapo hapo kwenye mashine yako. Siku ujenzi huo ukigoma, mashine itawaka bila kuona diski zako. Data haipotei, lakini mama atapiga simu. Kwenye FreeBSD ZFS ni mtoto wa nyumbani, imo ndani tayari.

Hoja hiyo ilinitosha. Nikasakinisha FreeBSD 14, nikahamishia faili zote, nikapanda treni na mashine mapajani hadi Voi kama mtu aliyebeba mtoto. Nikaiunganisha na ruta, nikaiweka juu ya kabati mbali na vumbi, nikala samaki wa mama, nikarudi Nairobi nikiwa nimeridhika.

Saa moja na nusu Thika Road

Siku ya tisa nilikuwa nimebadilisha kitu kidogo kwenye mipangilio kwa mbali, usiku, nikiwa nasinzia. Wiki iliyofuata stima ikapotea Voi kwa muda mrefu, UPS ikaisha, mashine ikazimika. Stima iliporudi, seva haikurudi.

Nilikuwa ndani ya matatu Thika Road, foleni haisogei. Dada akaunganisha skrini ya zamani, akaanza kunisomea: "Inasema niandike njia kamili ya sheli, au nibonyeze enter."

Nilijua maana yake. Katika faili ya rc.conf nilikuwa nimesahau kufunga alama ya nukuu. Alama moja. FreeBSD ilipokutana na kosa hilo ikasimama na kusubiri mtu. Nilichokuwa sikijui kwa kichwa ni hatua zinazofuata, kwa sababu diski ya mfumo hufunguliwa kwa kusomwa tu, na lazima kwanza uifungue kwa kuandikwa ndipo urekebishe. Mwongozo ulikuwepo, na mwongozo wa FreeBSD ni kati ya iliyoandikwa vizuri kuliko yote niliyosoma. Lakini nilikuwa naufungua kwenye simu ile ile niliyokuwa nazungumzia, mtandao unakatikakatika, na upande wa pili dada yangu amesimama juu ya kiti anauliza, "Niandike nini sasa, kaka? Kaka, upo?"

Tulimaliza baada ya saa moja na nusu. Abiria wa pembeni alikuwa ameshajifunza jinsi ya kutamka "mshazari" na "nukta".

Kosa lilikuwa langu. FreeBSD haikunikosea chochote. Lakini nikiwa bado kwenye matatu nilijiuliza: kosa kama hili lingetokea kwenye Debian, ningehitaji mwongozo? Hapana. Kwa miaka mitano kazini nimeharibu Debian kwa kila namna inayowezekana, na nimeitengeneza saa nane za usiku nikiwa nusu macho. Amri zake ziko vidoleni, naweza kuzisoma kwa sauti kwenye simu bila kuona skrini. Ile niliyoiona kama ugali wa jana ndiyo pekee ninayoweza kuipika gizani.

Swali la tatu, lile dogo, ndilo lililoamua.

Kuhama bila kuhama

Hapa ZFS ilinifurahisha tena. Nilirudi Voi wikendi iliyofuata. Kwenye FreeBSD nikaandika zpool export, nikazima. Nikasakinisha Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, juu ya SSD. Nikaongeza ZFS, nikaandika zpool import. Faili zote zikawa mbele yangu, gigabaiti 412, bila kunakili hata moja. Diski zilikuwa zimebadilisha mfumo endeshi kama mtu anavyobadilisha nyumba ya kupanga na fanicha zake. Kumbe nilikuwa nakosa usingizi kwa ajili ya uamuzi ambao haukuwa ndoa.

Mwiba ule wa kiini nimeushughulikia hivi: masasisho ya kiini hayaingii yenyewe, nayaingiza nikiwa Voi, na kiini kilichotangulia hakiondolewi. Debian 13 itapata masasisho ya usalama kwa jumla ya miaka mitano, hadi 2030, kwa hiyo sina haraka ya toleo jipya.

Kazi ya kugawa faili kwa simu na kompyuta za nyumbani inafanywa na Samba. Andrew Tridgell, aliyeianzisha kule Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipata jina hilo kwa kutafuta ndani ya kamusi neno lenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo. Angekuwa na kamusi ya Kiswahili angepata "simba", na bora zaidi angepata "sambaza", ambalo ndilo kazi yenyewe. Mama sasa anafungua VLC kwenye simu yake, anabonyeza folda iitwayo Nyanya, anasikiliza akichambua mchicha.

Mpangilio uliobaki ni huu:

1. Kila saa ZFS inatunza taswira ya hali ya faili zote. Mtu akifuta kitu kwa bahati mbaya tunarudi nyuma.
2. Jumapili ya pili ya kila mwezi diski zote zinakaguliwa kipande kwa kipande. Debian huja na ratiba hiyo tayari.
3. Mabadiliko yanatumwa usiku kwenye mashine yangu Nairobi. Diski pacha zinakukinga na diski kufa. Hazikukingi na mwizi, moto wala kidole chako mwenyewe.
4. Diski ya tatu iko kwa shangazi Wundanyi, haijaunganishwa na chochote. Inashuka Voi mara mbili kwa mwaka.
5. Ile programu yangu ndogo husoma zpool status kila asubuhi na kumtumia dada ujumbe. Maneno ni mawili tu: ama "Salama" ama "Mpigie kaka".

Na ubavuni mwa mashine nimebandika karatasi, kwa Kiswahili, yenye hatua saba za kuiwasha na kubadilisha diski iliyokufa. Dada amezifanya zote mbele yangu huku nimefunga mdomo. Hatua ya nne hakuielewa, kwa hiyo niliiandika upya.

Wewe uchague nini?

Mkinijua mnajua siwezi kuondoka bila kupendekeza. Kama hupendi mstari wa amri na una kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi, weka TrueNAS uendelee na maisha. Kama mashine ni dhaifu, OpenMediaVault. Kama FreeBSD ndiyo unayoijua kwa kichwa, usinisikilize mimi, kaa nayo. Na kama kuna mfumo unaoutengeneza kila siku kazini hadi umekuchosha, huo ndio wa kwanza kuufikiria. Ila uwe na kitu cha kuhakiki faili, na kiwe kinasema.

Hata kama hujengi seva yoyote, fanya jambo moja leo. Tengeneza orodha ya alama za SHA-256 za picha zako, kwa amri ya sha256sum au programu yoyote inayofanya hivyo, itunze mahali pengine, na kabla ya kunakili upya ilinganishe. Ni dakika chache. Ningekuwa na orodha hiyo Agosti 2023 ningejua kabla laptopu haijafutwa.

Kwa maana laptopu ile tuliifuata. Binamu alikuwa ameijaza filamu hadi ukingoni, na programu za kufukua faili zilizofutwa hazikupata kitu. Picha saba tumezipata kwa ndugu waliotumiwa kwenye WhatsApp, ndogo na zenye ukungu, lakini nyuso zinaonekana. Nyingine 11 zimebaki nusu.

Rekodi namba 17 ipo kwenye mashine tatu sasa, katika miji miwili na mlima mmoja, inahakikiwa kila mwezi, shimo lake likiwa limehifadhiwa salama kabisa. Desemba tulimpelekea baba mkubwa asikilize. Alifika mahali pale, akasikia mkoromo, akataja jina bila kusita. Shangazi aliyekuwa anamenya viazi akasema hapana, huyo alikuwa ndugu yake, na akataja jina jingine. Walibishana hadi chai ikapoa. Nimeyaandika majina yote mawili kwenye faili ya maandishi pembeni ya rekodi, na tarehe, na nani alisema lipi.

Haya, nimeandika mengi. Wiki ijayo nitaweka hapa ile programu ya ujumbe wa asubuhi, ni mistari kama 60 tu, mtu yeyote anaweza kuibadilisha. Hadi wakati huo, zifungueni faili zenu mzitazame hadi chini.